PLC ya kikausho cha chai imefungwa pasiwedi: hii programu ya kufungulia iliyonunuliwa Telegram ni salama?

FundiZamu_Mufindi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla ya Jumatatu, bosi kanibana.

Nipo kiwanda cha chai huku Mufindi, fundi umeme wa zamu. Paneli ya kikausho namba mbili inaendeshwa na PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo) aina ya S7-200 ya Siemens, CPU 224, na kioo kidogo cha TD 200 cha kusomea na kubadilishia namba mlangoni. Aliyeifunga ni mkandarasi ambaye siku hizi hapatikani, namba yake haiiti kabisa. Juzi tumebadilisha mota ya feni ya hewa ya moto, tukaiwekea na invata (kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota). Tangu hapo ukiwasha, feni inapanda taratibu, PLC haioni hewa kwa muda inaoutaka, inatripu, yaani inazima kikausho. Nikasema niingie niongeze taima. Nachomeka kebo, nafungua Micro/WIN (programu ya Siemens ya kuandikia S7-200), nataka kuvuta programu iliyomo kwenye PLC, inaomba pasiwedi. Hatuna. Faili la mradi nalo hatuna.

Bosi kaona video Facebook ya jamaa anayeuza programu za kufungua pasiwedi za PLC, Siemens, Omron, Mitsubishi, zote. Kalipa. Faili limekuja Telegram, ni zipu. Maelekezo: zima antivairasi, zima intaneti, kisha ifungue kwa haki za msimamizi. Laptopu ilipoliona tu hilo zipu ikapiga kelele. Jamaa anasema hiyo ni kawaida, vitu vya kukraki vyote vinasomeka hivyo.

Laptopu ni hii hii moja, Windows 7, ndiyo tunayoitumia kwa boila, kwa mizani na kwa paneli ya jenereta. Nizime antivairasi niendelee? Na hata kama kuna virusi humo, PLC si haina Windows, itadhurika na nini?

Kijana_wa_Soweto (Mbeya)

Mkuu hiyo mbona ndogo. Ikikuomba pasiwedi andika CLEARPLC. Inafunguka hapo hapo. Mimi nimeshafanya kwenye pampu ya maji na leo inafanya kazi.

Mzee_wa_Paneli (Ipogolo, Iringa)

Kamwene FundiZamu. Kwanza kabisa, CLEARPLC usiiandike. Narudia, usiiandike.

Kijana hajadanganya, neno lipo na hata kitabu cha Siemens cha S7-200 kinalitaja. Ila hakukwambia linafanya nini. Linafuta. Pasiwedi inaondoka pamoja na programu nzima na namba zote zilizomo, CPU inasimama. Huyo bwana kwenye pampu yake bila shaka alikuwa na mradi pembeni akaurudisha. Wewe utabaki na kikausho kimelala, majani yameshanyauka yanasubiri, na msimu ndio huu.

Sasa zipu. Usiifungue. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako la pili ndilo ninaloulizwa kila ninakopita, Mafinga kwenye mashine za mbao, Makambako, mpaka Mbozi kwenye kahawa: "PLC haina Windows, virusi vitaifanya nini?"

Mwaka 2022 kampuni ya Marekani inaitwa Dragos ilichambua programu ya jamii hiyo hiyo, ya kufungulia PLC za DirectLogic 06 za AutomationDirect. Pasiwedi ilitoka kweli. Mteja anaridhika, analala. Lakini programu ile haikukraki kitu chochote. Ilitumia tundu lililokuwa ndani ya PLC yenyewe: ukiipelekea ujumbe fulani kwa kebo ya serial, inakutajia pasiwedi yake mwenyewe, wazi wazi. Tundu likapewa namba CVE-2022-2003 (CVE ni orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana) na mtengenezaji akatoa femuwea, yaani programu ya ndani ya PLC, ya kuliziba. Huku nyuma, wakati mteja anasoma pasiwedi yake kwa furaha, programu ilikuwa imeshapandikiza Sality kwenye laptopu. Sality ni virusi vikongwe, vinajipachika kwenye mafaili ya programu, vinasambaa kwa flashi na kwa mafolda ya pamoja, vinaua antivairasi. Hivyo vya safari ile vilikuwa vinachungulia kila unachokopi: ukikopi anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, vinaibadilisha kimya kimya hela iende kwa wenyewe. Na muuzaji alikuwa anatangaza vifunguo vya PLC na vioo vya makampuni mengi, Siemens na Omron na Mitsubishi wakiwemo. Linganisha na tangazo aliloliona bosi wako.

Hayo maelekezo ya "zima antivairasi" usiyachukulie kama usumbufu wa kawaida. Ndiyo kazi yenyewe aliyokutuma.

Turudi kwenye PLC yako isiyo na Windows. PLC za kizazi hicho zinamwamini yeyote anayeongea lugha yao. Programu ya uhandisi ikisema andika, inaandika. Ikisema simama, inasimama. Kwa hiyo mwenye kuishika laptopu yenye Micro/WIN ameshika kikausho, boila na jenereta kwa mkupuo, wala hahitaji kujua chai inakaushwaje.

Wengi mmesikia Stuxnet, ile ya mitambo ya urani ya Natanz kule Iran, iliyogunduliwa 2010. Watu husimulia kama hadithi ya majasusi, mimi nataka muione kama mafundi. Ilikuja kwa flashi. Ilipofika kwenye kompyuta yenye STEP 7, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, ilitafuta faili moja, s7otbxdx.dll, ambalo ndilo STEP 7 inalitumia kuongea na PLC. Ikalibadilisha jina, ikaweka la kwake mahali pake. Basi. Kuanzia hapo mhandisi akivuta programu kutoka kwenye PLC kuikagua, anaonyeshwa ile safi, vipande vilivyoongezwa havionekani. Akisukuma programu mpya, vile vipande vinabaki. Macho yake ndiyo yaliyoibwa. Na ilikuwa inajificha hata ndani ya mafolda ya miradi ya STEP 7, kwa hiyo ukimpa mwenzako mradi kwa flashi unampa na ugonjwa.

Kuna nyingine ambayo mafundi wa kuzunguka kama mimi inatuhusu zaidi. Agosti 2022 watafiti wa kampuni ya usalama ya Claroty walionyesha shambulio linalokwenda kinyume: anayetegwa ni laptopu, na mtego ni PLC. Mtu anaichezea PLC iliyo wazi kwenye intaneti, anaweka humo data yenye sumu, kisha anaiharibu kidogo ili fundi aitwe. Fundi anakuja na laptopu yake, kitu cha kwanza anavuta programu aone kuna nini. Programu ya uhandisi inaisoma ile data bila kuihoji, na hapo laptopu imechukuliwa. Kesho fundi huyo huyo yuko kiwanda kingine. Walifanikiwa kwa programu za makampuni saba, zikiwemo za Rockwell, Schneider, GE, Emerson na B&R. Tatizo ni lile lile: hizi programu ziliandikwa zikiamini kwamba faili la mradi limetoka kwa rafiki na PLC iliyo upande wa pili ni mwaminifu. Mradi wakati mwingine ni zipu tu iliyobadilishwa jina, na kuufungua mradi wa mtu usiyemjua ni sawa na kuendesha programu yake.

Nimemaliza upande wa vitisho. Sasa kazi yako, maana nadhani umeshikwa mahali pasipo tatizo.

Ulisema kikausho kimeanza kutripu baada ya kuweka invata. PLC haijabadilika, taima yake ni ile ile ya siku zote. Kilichobadilika ni muda wa feni kupanda mwendo. Invata nyingi zinakuja na muda wa kupanda uliowekwa kiwandani kwao, na aliyeifunga mara nyingi huuacha au huuongeza kwa kuogopa feni kubwa. Fungua parameta, utazame. Ukiweza kuupunguza hewa ifike kabla ya taima ya PLC, hutahitaji pasiwedi ya mtu. Punguza kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye ampea, feni ya namna hiyo ni nzito, ukikimbiza sana invata itatripu yenyewe kwa ampea kuzidi.

Niambie pia: PLC inajuaje kwamba hewa ipo? Ni swichi ya msukumo wa hewa kwenye bomba, au ni waya tu kutoka kwenye kontakta ya zamani?

FundiZamu_Mufindi

Shikamoo mzee. Asante sana, sikutegemea maelezo kama haya. Zipu nililifungua nikaona mafaili ndani, lakini ile exe sikuibofya.

Kuhusu hewa: ni swichi ya msukumo, ina mrija mwembamba wa plastiki unaoingia kwenye bomba baada ya feni.

Mzee_wa_Paneli (Ipogolo, Iringa)

Marahaba. Vizuri, basi hiyo swichi usiiguse, wala asije mtu akakushauri uiungie waya kuipita. Joto likiendelea kuingia bila hewa, chai inaungua ndani, na vumbi la chai kavu likishika moto unalijua. Hangaika na invata peke yake.

Kijana_wa_Soweto (Mbeya)

Mzee nimekuelewa kuhusu CLEARPLC, ni kweli faili nilikuwa nalo. Lakini hizi za Iran na Claroty si ni mambo ya wakubwa? Nani aache benki aje kuhangaika na kikausho cha chai Mufindi?

Nuru_Mitandao (Mbeya)

Habari zenu. Mimi si mtu wa paneli, ni wa mitandao, lakini hili la "nani atahangaika na sisi" nalijibu mimi.

Sality haikuuliza jina la kiwanda. Ilikuwa inauzwa kwa yeyote aliyesahau pasiwedi. Halafu Novemba 2023 kuna mamlaka ya maji ya mji mdogo wa Aliquippa, Pennsylvania, ilikuta kioo cha kituo chake cha kusukuma maji kimeandikwa ujumbe wa wavamizi. Wakaendesha pampu kwa mkono. Wavamizi hawakuwa na shida na Aliquippa. Walikuwa wanatafuta PLC za Unitronics kwa sababu zimetengenezwa Israeli, na hizo zilikuwa zimeachwa intaneti na pasiwedi ya kiwandani, 1111. Waliokoteza walizozikuta.

Ndiyo maana swali langu kwa FundiZamu ni hili: hiyo laptopu ina TeamViewer au AnyDesk? Na paneli ya jenereta ina modemu ya laini ya simu? Nyanda za juu huku umeme ukikatika usiku, wenye jenereta wanapenda mkandarasi aone kila kitu akiwa Dar. Mara nyingi modemu hiyo imefungwa, imesahauliwa, na laini bado inawekewa bando na mhasibu ambaye hajui ni ya nini.

Kuhusu laptopu yenyewe: Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, haipati viraka. Siwaambii muitupe, najua Micro/WIN ni ya enzi hizo. Lakini itolewe kwenye intaneti moja kwa moja, waifai izimwe kwenye BIOS kabisa, barua pepe na Telegram zihamie kwenye simu. Hilo zipu lifute, halafu ipigiwe skani kwa diski ya kuwashia ya antivairasi, laptopu ikiwa imezimwa Windows yake. Mkipata nafasi, pigeni nakala ya diski nzima mkaiweke kabatini.

Binafsi ningeiweka Micro/WIN kwenye kompyuta pepe ndani ya laptopu mpya. Ikichafuka unarudi kwenye nakala ya jana.

Mzee_wa_Paneli (Ipogolo, Iringa)

Dada Nuru, kompyuta pepe nakubali kwa kazi za ofisini, lakini kebo za PPI (za kuunganisha laptopu na S7-200) za bei nafuu zinazouzwa mtaani zina madereva yenye kiburi, ndani ya kompyuta pepe zinakata mawasiliano katikati ya kusukuma programu. Hapo unaweza kuiacha CPU imesimama na programu nusu. Kama ana kebo halisi ajaribu mezani kwanza, kwenye PLC ya akiba.

Niongeze la setapu, tusifichane. Vijana wengi huku programu zao za uhandisi wamezipata kwenye flashi ya rafiki, na ufunguo wa leseni wa kubumba. Huyo rafiki naye alipewa. Mtu anahangaika na pasiwedi ya PLC huku programu anayoitumia kuiongoza hajui imetoka kwa nani. Pakua kwa mtengenezaji. Na mtengenezaji akitoa namba ya uhakiki ya faili, ilinganishe, Windows inayo amri yake tayari:

certutil -hashfile setapu.exe SHA256

Inakutolea mstari mrefu. Ukitofautiana hata herufi moja na ule wa kwenye tovuti, futa.

Nuru_Mitandao (Mbeya)

Sawa mzee, la kebo nimelipokea, PPI sijawahi kuishika.

Mzee, wakibadilisha PLC kabisa, si watakuwa wameondoka kwenye haya yote?

Mzee_wa_Paneli (Ipogolo, Iringa)

Wataondoka kwenye baadhi. S7-200 haitengenezwi tena, kwa hiyo siku itafika. Lakini kuwa mpya peke yake hakutoshi. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba S7-1200 na S7-1500 zilikuwa na ufunguo wa siri mmoja kwa familia nzima ya CPU. Mtu akiutoa kwenye CPU moja mezani kwake, anaufahamu wa CPU zote za familia hiyo duniani. CVE-2022-38465. Dawa yake si kiraka cha kubofya, ni kuhamia TIA Portal (programu ya Siemens ya kuandikia PLC hizo mpya) V17 au zaidi, na kwa S7-1200 femuwea 4.5 au zaidi, na mradi wenyewe uupandishe toleo uwashe mawasiliano salama. Nimekuta kiwanda kimenunua CPU mpya kabisa na fundi bado anaisukumia mradi wa toleo la zamani kwa sababu ndilo alilozoea. Hela imekwenda, tundu lipo pale pale.

Rockwell nao 2021 walikutwa na jambo la kufanana, ufunguo uliofichwa ndani ya Studio 5000, programu yao ya kuandikia PLC, likapewa alama 10 kwa 10 za hatari. Pale ushauri mkubwa ulikuwa kuweka swichi ya CPU kwenye RUN (kuendesha tu, si PROGRAM ya kubadilisha programu) na kuitenga mitandao. Swichi ya ufunguo watu huidharau. Kule Saudi Arabia 2017, ile programu hasidi ya Triton iliyoingia kwenye mfumo wa usalama wa Triconex wa kiwanda cha kemikali za petroli, ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye PROGRAM. Ungekuwa RUN, wasingeweza kuandika kitu.

Kwa hiyo FundiZamu, mkinunua mpya, pangeni kufunga kipindi cha baridi, kuanzia Juni huko majani yanapopungua. Programu iandikwe upya kwa kufuata michoro na kwa kuangalia taa za pembejeo na matokeo kikausho kikifanya kazi, hatua kwa hatua. Kabla ya yote, leo hii, simama mbele ya TD 200 uandike daftarini kila namba unayoiona humo, joto la kuwasha, joto la kuzima, taima zote zinazoonekana. Siku CPU ikifa, hizo namba hazipo popote pengine. Na kwenye mkataba mpya muandike kwamba mradi na pasiwedi ni mali ya kiwanda, vikabidhiwe kwenye bahasha kabla ya malipo ya mwisho. Mkandarasi akikataa hapo, mtafute mwingine.

FundiZamu_Mufindi

Nimerudi na majibu.

Invata: muda wa kupanda ulikuwa sekunde 40. Nimeshuka mpaka 22, ampea zinapanda lakini hazijafika kwenye kikomo, swichi ya hewa inashika kabla PLC haijalalamika. Kikausho kimefanya kazi zamu nzima ya usiku bila kutripu. PLC sijaigusa.

TD 200 nimeandika zote. Kuna moja nimeikuta joto la kuzima liko juu kuliko lilivyoandikwa kwenye karatasi ya mlangoni, sijui nani alibadilisha na lini. Nimemwambia meneja wa uzalishaji.

Modemu ya jenereta ipo, dada Nuru, na laini iko hai. Mhasibu kashtuka, anasema huwa anailipia akidhani ni ya mizani. Nimeichomoa.

Bosi anataka hela yake irudi. Muuzaji Telegram kafuta akaunti.

Nuru_Mitandao (Mbeya)

Hela sahau. Lakini namba ya muamala, jina la akaunti na hilo zipu kama bado lipo, vipelekeni TZ-CERT, kitengo cha usalama wa mitandao pale TCRA, na mfungue na jalada polisi. Zipu litumwe kama wanavyoelekeza wao, usimtumie mtu kwa WhatsApp.

Mzee_wa_Paneli (Ipogolo, Iringa)

Safi kwa invata. Ampea uziangalie tena asubuhi kukiwa na baridi kali, hewa nzito inaongeza mzigo.

Hilo joto la kuzima lisiishie kwa meneja. Karatasi ya mlangoni inasema ngapi na kioo kinasema ngapi?

FundiZamu_Mufindi

Karatasi 105, kioo 118.

Mzee_wa_Paneli (Ipogolo, Iringa)

Irudishe 105 sasa hivi mbele ya meneja, msaini wote wawili kwenye kitabu cha zamu, na mlango wa paneli upate kufuli. Halafu uliza zamu zote nani alipandisha. Mara nyingi ni mtu aliyetaka chai ikauke haraka awahi nyumbani, ila uliza.